Mashine ya Bure na Mteja Asiyelipa

"Kama mashine ni ya bure, mbona mkataba una kurasa nyingi hivi?"

Mwenye maabara aliuliza hivyo bila kuinua macho. Tulikuwa kwenye chumba chake cha nyuma pale Kondele, mtaa wa Kisumu, saa nane ya mchana, mabati yanatoa joto na feni inazungusha joto lile lile. Kijana wa mauzo alikuwa bado amefunga tai. Kwa hilo nilimheshimu.

"Madam, hizo kurasa ni za mawakili tu. Wewe unaweka sahihi hapa, na hapa."

Mimi nilikuwa nimeitwa kuangalia hesabu. Ndiyo kazi yangu: naandika vitabu vya kliniki na maabara ndogo za Kisumu, Ahero, Maseno hadi Luanda ya Vihiga. Nikamwambia, "Daktari, usitie sahihi leo." Mtaa mzima unamwita Daktari, ingawa leseni yake ni ya bodi ya wanamaabara, na amechoka kuwasahihisha.

Hakutia. Kijana alimaliza soda yake, akaacha karatasi mezani, akashika boda kurudi mjini. Lakini kifungu kimoja cha mkataba ule kilinifuata nyumbani, na kwa wiki nyingi sasa kila nikifungua vitabu vya maabara yoyote nakiona kikinitazama.

Jiko bure, gesi ya lazima

Mpango wenyewe si siri, na haukuanzia Kenya. Kampuni inakuletea mashine ya hemogramu, ile inayohesabu chembe za damu na kutoa karatasi yenye grafu, bila kukudai hata shilingi. Wewe unaahidi kununua vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, kwao peke yao kwa miaka kadhaa, na mashine yenyewe imetengenezwa isikubali vya mwingine. Ni kupewa jiko bure halafu mtungi wake unauzwa na duka moja tu mjini. Hospitali kubwa duniani kote zinanunua hivyo, na kwa maabara isiyo na mtaji hakuna njia nyingine ya haraka ya kuacha kuhesabu chembe kwa hadubini.

Kilichonisumbua ni kifungu cha kiwango cha chini. Hesabu za mteja wangu siwezi kuzianika hapa, kwa hiyo tuseme hivi. Mkataba unataka vitendanishi vya vipimo 400 kwa mwezi. Maabara inapata hemogramu 8 kwa siku, siku 26 za kazi. Hizo ni 208. Zilizobaki 192 atazilipia bila kuzifanya.

Au atazifanya.

Hapo ndipo usingizi uliponiruka. Mkataba haumwambii mtu yeyote apime asiyehitaji kupimwa. Unaweka tu shimo la vipimo 192 katikati ya mwezi, kisha unamwachia mwenye maabara atafute cha kulijaza. Na shimo lenyewe halikai saizi moja. Ukanda huu wa ziwa, homa hupanda baada ya mvua za masika, Mei hadi Julai, halafu hushuka. Mkataba unahesabu kila mwezi kana kwamba mbu wa Nyando anafuata kalenda ya ofisi.

Kuna hesabu nyingine ambayo kijana wa mauzo hakuigusa. Asubuhi, kabla ya mgonjwa wa kwanza, mashine inapaswa kupimishwa damu maalumu ambayo majibu yake yanajulikana: ya chini, ya kawaida, na ya juu. Isipotoa namba zinazotakiwa, huna haki ya kumpa mgonjwa majibu hadi irekebishwe. Hizo ni mizunguko mitatu isiyouzwa. Kwa mwenye wagonjwa 8, mizunguko 3 kati ya 11 inaenda bure, zaidi ya robo. Kwa maabara kubwa yenye wagonjwa 300 kwa siku, ni 3 kati ya 303. Mashine ni moja na kitendanishi ni kile kile, ila huyu mdogo kila hemogramu inamgharimu zaidi hata kabla hajalipa kodi na stima.

Mnaofanya kazi maabara mnajua kinachofuata. Damu ya kujaribia inaanza kutumika Jumatatu tu. Mgonjwa hawezi kuona tofauti, kwa sababu karatasi yake ina grafu zile zile.

Na usidhani wakubwa wamesalimika na mtindo huu. Mashine za GeneXpert za kupima kifua kikuu, ambazo Shirika la Afya Duniani liliziidhinisha mwaka 2010 na ambazo zimeokoa watu wengi huku kwetu, zinatumia katriji za kampuni moja tu. Kwa miaka mingi katriji iliuzwa kwa nchi maskini dola 9.98. Septemba 2023, baada ya kelele za muda mrefu za wanaharakati, wakiwemo Madaktari Wasio na Mipaka, bei ilishuka hadi dola 7.97. Wizara nzima za afya zilikuwa zikisubiri bei kutoka kwa muuzaji mmoja. Daktari wetu wa Kondele angemwambia nini huyo muuzaji?

Mteja ni nani hasa?

Kwenye uhasibu tunafundishwa mapema: mteja ni yule anayelipa. Maabara imenifanya niitilie shaka kanuni hiyo.

Mgonjwa wa homa anaingia kliniki Manyatta. Hawezi kusema, "Mimi nifanyie hemogramu, Widal ya taifodi sitaki." Anapewa karatasi imetiwa alama, anaambiwa aende pale ng'ambo, analipa, anarudi na majibu. Anayelipa hakuchagua kitu. Aliyechagua kipimo, na mara nyingi aliyechagua hata maabara, hakutoa senti. Kwa hiyo maabara inayotaka kukua haimbembelezi mgonjwa. Inambembeleza mwenye kalamu.

Kwenye vitabu mambo haya huja na majina ya heshima. Usafiri. Maendeleo ya soko. Vifaa vya ofisi, Ijumaa kila wiki, kiasi kile kile, kwa M-Pesa, kwa namba ile ile. Mwanzoni nilikuwa nauliza. Siku hizi naandika "kamisheni" na mwenye maabara ananiomba nibadilishe.

Sasa tazama soko linavyopinduka. Kwenye nyanya za soko la Kibuye, ukishusha bei unauza zaidi, na jirani yako analazimika kushusha. Kwenye maabara ukishusha bei mgonjwa hajui, kwa sababu hakulinganisha. Ukipandisha kamisheni, wagonjwa wanakuja wengi kesho yake. Jirani naye anapandisha yake. Fedha hizo lazima zitoke mahali, kwa hiyo bei ya kipimo inapanda, au kamisheni inabaki palepale na vipimo kwenye karatasi vinaongezeka. Maabara tatu zikipangana kwenye barabara moja, mgonjwa analipa zaidi ya alivyolipa kulipokuwa na moja. Nimeliona kwenye vitabu, na nilitafuta kosa la hesabu kwanza kabla ya kuamini.

Wala tusijione wa pekee. Marekani, yenye Quest na Labcorp, majitu mawili yanayoongoza soko la maabara za kujitegemea, ilibidi itunge sheria mwaka 2018 inayompeleka gerezani hadi miaka 10 mtu anayelipa au kulipwa ili mgonjwa aelekezwe maabara fulani. Nchi haitungi sheria kali hivyo kwa tatizo dogo.

Nilikuwa tayari kuishia hapo, nikiwa nimeshampata mbaya wangu. Kisha nikakaa na mmoja wa hao wenye kalamu, klinikali ofisa wa makamo ambaye vitabu vyake pia ni mimi ninayeviandika.

"Wewe ukija kwangu na homa," aliniambia, "nikakuuliza maswali nusu saa, nikakushika tumbo, nikakwambia ni mafua tu, kunywa maji ulale, utanilipa ngapi?"

Nilinyamaza.

"Utasema hajanipima. Utasema ameniuliza maswali tu. Nikikupa karatasi ya maabara na mfuko wa dawa, unalipa bila neno."

Sina jibu zuri kwa hilo hadi leo. Kliniki nyingi za mitaani kumwona daktari ni bure au karibu na bure, na tunajivunia hivyo vibandiko vilivyoandikwa "Consultation Free". Lakini kodi ya chumba, mshahara wa nesi, leseni ya kaunti, vyote vinalipwa na mtu. Kamisheni ya maabara ni ada ya kumwona daktari iliyoingia kwa mlango wa nyuma. Tulikataa kulipia maarifa ya mtu, maarifa yakajificha ndani ya bei ya Widal.

Malaria na taifodi

Hakuna mtu aliyekulia upande huu ambaye hajawahi kuambiwa ana "malaria na taifodi", hivyo, kwa pumzi moja, kama chai na mandazi.

Malaria ina kipimo kinachoeleweka. Tangu 2010 Shirika la Afya Duniani linataka kila anayeshukiwa apimwe kabla ya kupewa dawa, na kile kipande cha plastiki chenye mistari kimesambaa hadi vijijini. Kwa afya ya watu hiyo ni habari njema sana. Kwa biashara ya maabara ndogo ilikuwa pigo ambalo hatulizungumzii. Kazi ya kuangalia vijidudu kwenye slaidi, iliyokuwa mkate wa kila siku, ilihamia kwenye meza ya nesi, kwenye kemisti, na kwa wahudumu wa afya ya jamii. Hao wahudumu, laki moja nchi nzima, walipewa mikoba Septemba 2023 na ndani mna hata mashine za presha na sukari. Kipimo chochote kinachoweza kufanywa bila hadubini kinaondoka maabara kwenda mlangoni kwa mgonjwa. Hautarudi nyuma mwelekeo huo.

Kilichobaki mezani ni Widal.

Nilikaa siku moja nikamtazama Daktari akiifanya. Anachukua kigae cheupe. Tone la seramu, yaani maji ya damu yaliyotenganishwa na chembe, tone la kitendanishi cha bluu. Pembeni tone jingine la seramu, tone la chekundu. Anachanganya kwa kijiti, anakiinua kigae na kukiyumbisha taratibu kama dakika moja, akikitazama kwenye mwanga wa dirisha. Punje ndogondogo zikijikusanya, ni "reactive", yaani jibu ni ndiyo. Chupa ya mililita 5 inatoa matone kama 100. Hakuna stima, hakuna mashine, hakuna mkataba. Kwa jicho la mhasibu ni bidhaa ya ndoto: gharama ndogo, majibu mgonjwa akiwa bado amekaa kwenye benchi, na mara nyingi sana jibu ni lile linalouza dawa.

Mara nyingi mno. Widal ni mbinu ya mwaka 1896. Inatafuta kingamwili, na mtu aliyeugua zamani, au aliyepata ndugu wengine wa bakteria yule, au hata mwenye malaria tu, anaweza kutoa punje zile zile. Ili iwe na maana inayokaribia kuaminika ungehitaji kupima mara mbili, siku 7 hadi 14 kati yake, uone kama kiwango kimepanda. Nani atarudi baada ya siku 14? Njia ya kuthibitisha ni kuotesha bakteria kutoka kwenye damu, na hiyo inataka chupa maalumu, kabati la joto, mtaalamu, na siku kadhaa za kungoja. Mgonjwa amekaa kwenye benchi sasa hivi.

"Unaiamini?" nilimuuliza.

"Naamini nimeifanya sawasawa," alinijibu. "Hilo la kuiamini muulize aliyeiagiza."

Julai 2025 serikali ilichanja watoto wa kuanzia miezi 9 hadi miaka 14 dhidi ya homa ya matumbo, ndiyo taifodi. Chanjo ikifanya kazi yake, taifodi ya kweli itapungua. Nimekuwa nikijiuliza Widal nazo zitapungua kwa kiasi gani kwenye vitabu vyangu, na nikiwa mkweli nadhani hazitapungua, kwa kuwa hazikuwa zikifuata taifodi tangu mwanzo. Zinafuata homa, na homa haijachanjwa.

Kinachosafiri na kinachooza

Wakati huu wote kuna wageni wakubwa sokoni. Lancet, yenye asili ya Afrika Kusini na iliyoungana na Cerba ya Ufaransa. Metropolis, iliyoanzia Mumbai. Mtindo wao ni wa kitovu na matawi: huku mikoani panakuwa na chumba kizuri chenye kiyoyozi na mtu wa kutoa damu, na mashine kubwa ziko Nairobi. Kutoka Kisumu ndege haimalizi saa nzima. Wenye maabara ndogo huwataja hawa kwa sauti ya mtu anayezungumzia mafuriko.

Mimi nilianza kuamini vinginevyo siku niliposoma habari za Thyrocare ya India. A. Velumani, aliyekuwa mwanasayansi wa kituo cha utafiti wa nyuklia cha Mumbai, aliianzisha mwaka 1996 kwa kupima homoni za tezi ya shingo, karibu hizo tu. Sampuli zilikusanywa miji yote, zikapandishwa ndege, zikapimwa usiku kwenye maabara moja kubwa, bei ikashuka hadi washindani wakapiga kelele. Mwaka 2021 aliuza hisa za kuongoza kampuni kwa wenye PharmEasy, duka la dawa la mtandaoni. Watu husimulia kisa hiki kuhusu ujasiri na bidii. Mimi naona jambo dogo zaidi: alichagua kipimo kinachovumilia safari. Homoni za tezi kwenye seramu hazina haraka.

Sukari ina haraka. Damu ikikaa kwenye mrija wa kawaida bila kutenganishwa, chembe zinaendelea kula sukari, na kiwango kinashuka kwa asilimia 5 hadi 7 kila saa katika joto la kawaida la chumba. Chukua damu Bondo asubuhi, iweke kwenye kikapu cha pikipiki, ipimwe mchana: mgonjwa wa kisukari anaweza kuonekana mzima. Potasiamu nayo inavuja kutoka ndani ya chembe ikikawizwa, na barafu inaizidishia, hivyo mtu mwenye figo nzima anaweza kuandikiwa hatari ambayo haipo. Ile sukari ya wastani wa miezi mitatu, kwa upande mwingine, inakaa kwenye friji hata siku kadhaa bila neno.

Nikachukua orodha ya vipimo ya Daktari tukaipitia kwa kalamu. Swali letu halikuwa faida. Tuliuliza: hiki kinaoza njiani? Vinavyooza ni vyake, na hakuna mwenye ndege atakayemshinda kwa hivyo: sukari, potasiamu na ndugu zake, mkojo, hemogramu ya mgonjwa anayetapika sasa hivi, kundi la damu la mama anayejifungua. Vinavyosafiri, kama tezi, sukari ya miezi mitatu na wingi wa virusi vya ini, avichukulie damu tu na kuwapelekea wakubwa, apate chake kidogo kwa kila mrija bila kununua mashine yoyote. Orodha ilipoisha, mafuriko yale yalikuwa yamegeuka kuwa msambazaji wake. Ilinishangaza kwamba hakuna mtu aliyemwambia hivyo mapema. Labda kwa sababu wanaomtembelea wote wana kitu cha kumuuzia.

Alikuwa na wasiwasi mmoja, nao ni wa haki. Je, mgonjwa akishajua majibu yametoka Nairobi, mara nyingine si ataenda moja kwa moja kwenye kile chumba cha kiyoyozi?

Wengine wataenda. Wale wenye kazi mjini, wanaojipima kila mwaka bila kuandikiwa na mtu, wanaopenda majibu yaingie kwenye simu. Kundi hilo linakua, na nalipenda kwa sababu moja: kwao anayelipa na anayechagua ni mtu mmoja. Ila bado ni wachache Kondele.

Kulipwa kwa kichwa

Kulikuwa na wiki nilidhani nimepata dawa ya ugonjwa wote. Badilisha namna ya kulipa! Kliniki ikipewa kiasi maalumu kwa kila mwanachama, augue asiugue, kipimo hakiwi tena mapato. Kinakuwa gharama. Nani ataagiza Widal inayotoka mfukoni mwake? NHIF, bima ya afya ya serikali, enzi zake ililipa hivyo baadhi ya vituo, na tangu Oktoba 2024 tuko kwenye SHA iliyochukua nafasi yake, ambako tumeambiwa huduma za kwanza zitalipwa na mfuko wake.

Basi nikarudi kwenye vitabu vya zamani vya kliniki moja iliyokuwa na wanachama wengi wa kulipiwa kwa kichwa, nikitarajia kuona busara. Widal zilikuwa zimeanguka, ndiyo. Lakini kila kitu kilikuwa kimeanguka. Slaidi za malaria, sukari, mkojo wa wajawazito. Waliolipa taslimu walipimwa kila kitu. Waliokuja na kadi walipewa Panadol na maneno mazuri. Wagonjwa hao hao, chumba hicho hicho, daktari yule yule.

Nilifunga faili nikaenda kula samaki Dunga, maana kazi haikuwa inaendelea tena.

Halafu kuna vipimo ambavyo soko halijawahi kuvigusa kabisa kwa sababu mtu mwingine alikuwa akilipa. Wingi wa virusi vya ukimwi, kwa mfano. Kwa miaka mingi damu kutoka vituo vya Siaya na Homa Bay imekuwa ikiletwa kupimwa maabara za KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, mgonjwa halipi kitu, na sehemu kubwa ya fedha ikitoka Marekani. Januari 2025 Washington ilisimamisha misaada, na kazi nyingi za upande huu zikatetereka kwa siku chache tu. Vijana wa maabara niliowajua wakiwa na mishahara mizuri ya miradi walikuja kuniuliza inagharimu kiasi gani kufungua maabara binafsi. Kila mmoja alikuwa na orodha yake ya vipimo vya kuanzia. Kila orodha ilikuwa na Widal.

Sikuwalaumu. Niliwaonyesha hesabu ya mizunguko mitatu ya asubuhi, nikawauliza wana nani wa kugawana naye.

Mashine moja, maabara tatu

Swali hilo lilitoka kwa Daktari mwenyewe. Tulipokuwa bado tunauguza ule mkataba, alisema kama mzaha kwamba akiwa na hemogramu za maabara tatu, 24 kwa siku, kiwango cha chini kingekuwa kimepita: 24 mara 26 ni 624. Na mizunguko ya kujaribia ingebaki mitatu tu kwa 24. Sisi ni watu wa chama. Tunanunua mashamba kwa chama, tunazika kwa chama. Mbona mashine ya damu kila mtu afe nayo peke yake?

Kinachowazuia ni ile ile kamisheni. Kila mmoja anaogopa kwamba mwenzake akiona fomu zake atajua ni kliniki gani zinamletea kazi, na atazifuata usiku na bahasha nene. Ilibidi tukubaliane mirija ije na namba peke yake, bila jina la kliniki, na wa kutunza daftari la kulinganisha awe mimi. Kampuni ya mashine nayo imekubali kuhesabu kiwango kwa miezi mitatu mitatu badala ya kila mwezi, baada ya kijana wa mauzo kuja mara nyingine bila tai na kuelezwa habari za masika.

Katikati ya hayo Daktari alifanya jambo ambalo hakuniuliza. Alianza kuandika mstari mmoja chini ya kila majibu ya Widal: kipimo hiki peke yake hakithibitishi homa ya matumbo. Mwenye kliniki mmoja alimpigia siku hiyo hiyo. "Dada, unaniharibia kazi. Toa hayo maneno." Hakuyatoa, na yule bwana hajaleta mrija tangu hapo, naye ndiye aliyekuwa akileta nyingi kuliko wote. Mwingine wa Nyalenda ameongeza wagonjwa na hajaomba asante yoyote ya bahasha. Nilipomuuliza sababu aliniambia amechoka kuwadunga watoto sindano siku saba kwa ajili ya karatasi.

Hawa wawili hawajalingana kwa fedha, nimeshampigia hesabu mara mbili. Wa Nyalenda hajafikisha hata nusu ya yule aliyeondoka, na pengo hilo ni lazima lizibwe na hemogramu. Ndiyo maana mazungumzo ya mashine ya pamoja yamepata mbio ghafla. Jumamosi wanakutana tena, safari hii kwa yule mwenye maabara wa Mamboleo, kwa sababu yeye ana jenereta na anataka mashine ikae kwake, na Daktari anasema jenereta inaweza kubebwa.